Gofu: Mchezaji wa kawaida anunue draiva inayosamehe, si ile ya mabingwa

Kila mwanzo wa mwaka, kampuni kubwa zinazotengeneza fimbo za gofu zinatoa draiva mpya. Draiva ndiyo fimbo ndefu kuliko zote katika mfuko wa mchezaji, ile anayoitumia kupiga mpira wa kwanza kwenye mashimo marefu. Matangazo yanafanana: bingwa wa dunia anapiga, mpira unapotea angani, kisha bei inatajwa. Mwaka 2024, draiva mpya za TaylorMade na Ping ziliuzwa Marekani kwa dola karibu 600. Na ahadi ni ileile kila mwaka: mpira utaenda mbali zaidi.

Kwa mchezaji wa kawaida, ahadi hiyo haina faida kubwa. Kinachomharibia mchezo si mita 10 anazokosa mpira ukienda vizuri. Ni ile mipira miwili au mitatu inayokata kulia na kupotea porini, au inayotoka nje ya mpaka. Fimbo inunuliwe juu ya pigo baya, maana pigo zuri lingeenda vizuri hata na fimbo ya mwaka jana. Wazo hilo ni rahisi kulisema, lakini madukani watu wengi wanafanya kinyume chake.

Kuko watakaouliza kwa nini kuzungumzia gofu katika eneo ambalo wakaaji wengi wanatafuta kwanza usalama na chakula. Swali hilo ni la haki. Lakini mchezo huu si mgeni hapa. Ulikuja tangu wakati wa ukoloni, na Lubumbashi kuna mtaa mzima unaoitwa Golf. Kinshasa kuna kiwanja katikati ya mji. Ng'ambo ya mpaka, Kigali wana kiwanja cha mashimo 18. Na si matajiri tu wanaoishi na mchezo huu: kuna vijana wanaobeba mifuko, makedi, kuna wanaokata majani, kuna wanaotengeneza mishiko ya fimbo. Katika Afrika ya Mashariki, wachezaji wengi wa kulipwa walianza kama makedi. Mtu mwenye pesa akikosea kuchagua fimbo, atanunua nyingine. Kijana aliyekusanya dola moja moja kwa mwaka mzima akikosea, amekwama nayo.

Mchezaji wa kawaida ni nani?

Kabla ya kuchagua fimbo, ni vizuri kujua anayechaguliwa. Katika gofu, kiwango cha mchezaji kinapimwa kwa handikapu, hesabu inayoonyesha kwa kadiri mapigo mangapi anayozidisha kuliko mchezaji hodari sana. Kadiri handikapu inavyokuwa kubwa, ndivyo mchezaji anavyokuwa dhaifu. Tangu 2020 kuna mfumo mmoja wa dunia nzima, na ndani yake mtu anaweza kupewa handikapu hadi 54. Marekani, ambako hesabu zinahifadhiwa vizuri, wastani wa wanaume ni karibu 14, na wa wanawake karibu 28.

Mwanaume wa kawaida anazungusha draiva kwa mwendo wa kilomita 150 hivi kwa saa. Mabingwa wa ligi kubwa ya Marekani wanafika kilomita 185. Mpira wa yule wa kawaida unafika karibu mita 200 pamoja na kuviringika, ule wa bingwa unapita mita 270. Lakini tofauti kubwa zaidi haiko kwenye umbali. Bingwa anagonga mpira karibu na katikati ya uso wa fimbo mara kwa mara. Mchezaji wa kawaida leo anagonga ncha ya nje, kesho karibu na shingo, keshokutwa chini kabisa. Wanacheza mchezo mmoja, ila shida zao si moja. Ni ajabu basi kuona mmoja anakimbilia fimbo iliyotengenezwa kwa kutibu ugonjwa wa mwingine.

Maana ya fimbo kusamehe

Wachezaji wanasema fimbo "inasamehe" wakati pigo baya halileti matokeo mabaya sana. Kuelewa jambo hilo hakuhitaji kurudi chuoni. Mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani, akiitwa nyuma, anageuka mara moja. Aliyebeba ubao mrefu kichwani hawezi kugeuka haraka hivyo, hata kama ubao na ndoo vina uzito sawa. Uzito uliosambaa mbali na katikati unakataa kuzungushwa. Wataalamu wanauita momenti ya inersia.

Kichwa cha draiva ni hivyohivyo. Kina uzito wa gramu 200 hivi. Uzito huo ukikusanyika karibu na katikati, mpira ukigonga ncha, kichwa kinajikunja mkononi: nguvu inapotea na mpira unaondoka upande usiotakiwa. Uzito ukisukumwa kandokando na nyuma kabisa, kichwa kinabaki kimetulia, na mpira unapoteza kidogo tu. Uso wenyewe pia haukuwekwa bapa kabisa. Una mviringo mdogo wa makusudi. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, mpira uliogongwa na ncha ya nje huondoka ukizunguka kuelekea kushoto, na uliogongwa karibu na shingo huzunguka kuelekea kulia. Mviringo huo unauanzishia mpira upande wa pili kidogo, ili ukipinda urudi karibu na njia.

Mtu aliyelifanya wazo hilo kuwa biashara hakuwa bingwa. Karsten Solheim, mzaliwa wa Norway aliyekulia Marekani, alikuwa injinia wa kampuni ya General Electric, na alianza gofu akiwa na miaka 42. Alikuwa na shida ya kusukuma mpira karibu na shimo. Mwaka 1959 akajitengenezea fimbo ya kusukumia ambayo uzito wake ulihamishiwa kwenye ncha mbili za kichwa. Ilipogonga mpira ilitoa mlio, na mlio huo ukawa jina la kampuni yake: Ping. Fimbo inayosamehe ilianza hivyo, kwa mchezaji wa kawaida aliyechoka kukosa.

Upande wa draiva, safari ilikuwa ndefu. Kwa miaka mingi vichwa vilichongwa kwa mti mgumu na vilikuwa vidogo. Mwaka 1979, Gary Adams alianzisha TaylorMade kwa kuuza vichwa vya chuma vilivyo wazi ndani. Mwaka 1991 kampuni ya Callaway ilitoa Big Bertha, iliyopewa jina la mzinga wa Wajerumani wa vita vya kwanza vya dunia. Watu waliona kichwa chake ni kikubwa mno, ijapokuwa kilikuwa na sentimita za ujazo 190 tu. Mwaka 1995 ilikuja ya titani, madini mepesi na yenye nguvu, na vichwa vikaanza kuvimba hadi wakubwa wa mchezo walipofunga mlango.

Sheria imeshafunga mlango, matangazo hayajasema

Hapo ndipo mnunuzi anapaswa kufungua macho. Mashirika mawili yanatunga sheria za gofu duniani: R&A, lenye makao Scotland, na USGA la Marekani. Tangu 2004, kichwa cha draiva hakiruhusiwi kupita sentimita za ujazo 460. Tangu 2006, momenti ya inersia ya kuzuia kichwa kujikunja kulia na kushoto isipite gramu-sentimita mraba 5,900, pamoja na 100 za uvumilivu wa vipimo. Uso nao umewekewa kikomo cha kurusha kama trampolini: muda unaopimwa wakati chuma kidogo kinapogusa uso usipite mikrosekunde 239, pamoja na 18 za uvumilivu, yaani 257.

Maana yake ni hii: draiva nzuri za kampuni zote kubwa zimekuwa ukutani kwa miaka mingi. Hakuna kampuni yenye siri ya kurusha mpira mita 20 zaidi kuliko jirani yake bila kuvunja sheria. Kilichobaki ni kugawa uzito vizuri zaidi, kufanya pembe za uso zipoteze kidogo zaidi, na kupaka rangi mpya.

Mwanzoni mwa 2024, TaylorMade ilileta Qi10 Max na Ping ikaleta G430 Max 10K. Zote mbili zilitangazwa kwa namba 10,000. Namba hiyo inapatikana kwa kujumlisha vipimo viwili: kukataa kujikunja kulia na kushoto, na kukataa kujikunja juu na chini. Sheria inabana kile cha kwanza tu. Ni kazi nzuri ya mafundi, hakuna wa kuikataa. Lakini mchezaji ajue kwamba anaponunua namba hiyo, ananunua utulivu. Hanunui umbali wa ajabu. Na utulivu ndio anaouhitaji.

Kwa wakaaji wa Kivu na Maniema, kuna jambo moja zaidi la kuangalia nyuma ya kichwa hicho. Kipande kizito kinachowekwa kule mwisho, kwenye draiva nyingi, ni cha tungsteni, madini yenye uzito zaidi ya mara nne kuliko titani kwa ujazo uleule. Ni yale yanayochimbwa hapa kwa jina la wolframiti. Sehemu kubwa ya tungsteni ya dunia inatoka China, na hakuna anayeweza kutazama fimbo na kusema kipande hiki kilitoka kilima fulani. Lakini tangu sheria ya Marekani ya 2010, kampuni zilizo kwenye soko la hisa la nchi ile ambazo bidhaa zao zinahitaji bati, tantali, tungsteni au dhahabu zinatakiwa kueleza kama madini hayo yanatoka Kongo au nchi jirani. Mchezaji wa Lubumbashi au wa London anayesifu fimbo kwa utulivu wake anashika mkononi madini ya aina ambayo watu wa hapa wanayatafuta kwa jembe na sururu. Si vibaya akilikumbuka hilo.

Mambo manne ya kuangalia

La kwanza ni mwinamo wa uso, unaoandikwa chini ya kichwa kwa digrii: 9, 10.5, 12. Wanaume wengi wanachukua 9 kwa sababu ndiyo inayoonekana mikononi mwa mabingwa. Ni kosa. Anayezungusha polepole anahitaji msaada ili mpira upande. Kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa, 10.5 ni mwanzo mzuri, na 12 si aibu. Mwinamo mkubwa pia unaongeza mzunguko wa kurudi nyuma na kupunguza nguvu ya ule wa pembeni, kwa hiyo mpira unakata kidogo. Tena kuna sababu ya mahali. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, Goma na Bukavu karibu 1,500. Hewa ya juu ni nyepesi: mpira unakutana na upinzani mdogo na unaenda mbali zaidi, lakini hewa hiyohiyo inaubeba kwa nguvu ndogo. Anayepiga chini sana anauona mpira ukianguka mapema. Huku kwenye milima, mwinamo wa kutosha una faida kuliko pwani.

La pili ni urefu. Draiva nyingi za dukani zina sentimita 116 hivi. Tangu 2022, wasimamizi wa mashindano ya juu wanaruhusiwa kuweka kikomo cha sentimita 116.8, huku sheria ya kawaida ikifika karibu 122. Kwa nini za dukani ni ndefu hivyo? Kwa sababu mpini mrefu unaongeza mwendo, na mwendo unauza. Lakini wachezaji wengi wa kulipwa wenyewe wanatumia mipini mifupi kuliko ile inayouzwa kwa umma. Wazee wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka, na kwenye gofu ni kweli kwa maana ya mkono kabisa: kadiri kichwa kinavyokuwa mbali na mwili, ndivyo inavyokuwa vigumu kukirudisha mahali pake. Kushika chini kidogo, sentimita 2 au 3, ni bure na kunaweza kuleta faida kuliko draiva mpya.

La tatu ni ugumu wa mpini. Herufi zinaandikwa juu yake: L, A, R, S, X, kutoka laini hadi ngumu. Wanaume wanaona haya kubeba herufi A, kwa sababu wanaambiwa ni ya wazee. Lakini hakuna kipimo kimoja cha viwanda vyote. R ya kampuni moja inaweza kuwa ngumu kama S ya nyingine. Herufi hiyo si cheo. Anayezungusha polepole akishika mpini mgumu, mara nyingi mpira unaondoka chini na kuelekea kulia, kisha anasema fimbo ni mbaya.

La nne ni upande ambao mpira unapotea. Wachezaji wengi wa kawaida wa mkono wa kulia wanapoteza kulia. Kampuni zinajua, na zinatengeneza vichwa vyenye uzito uliosogezwa karibu na shingo ili uso ufunge mapema, kama Ping G430 SFT. Kwa mtu huyo, kichwa cha namna hiyo kinafaa kuliko kile chenye namba kubwa ya utulivu peke yake. Draiva nyingi za siku hizi pia zina shingo inayofunguliwa kwa ufunguo mdogo na kubadili mwinamo kwa digrii moja au zaidi. Kuongeza mwinamo kwa njia hiyo kunafunga uso kidogo, jambo linalomsaidia yuleyule anayepoteza kulia.

Zile za kuepuka ni zile zilizoandikwa LS, LST au zenye almasi tatu, kama TaylorMade Qi10 LS, Ping G430 LST na Triple Diamond za Callaway. Hizo zimetengenezwa kupunguza mzunguko wa mpira kwa watu wenye mwendo mkubwa. Mikononi mwa mchezaji wa kilomita 150 kwa saa, mpira unakosa kitu cha kuubeba hewani, na kosa dogo linaadhibiwa vikali. Ni fimbo nzuri ziliyokosa mwenyewe.

Soko la mitumba na fimbo za uongo

Kama sheria imebana tangu 2006, basi mchezaji mwenye pesa kidogo ana habari njema: draiva ya miaka mitano au sita iliyopita iko karibu sana na mpya. Ping G400 Max ya 2018 na G425 Max ya 2021 zilisifiwa tayari kwa kusamehe. Zikiwa za mtumba, bei inashuka sana. Anayechagua kati ya mpya ya dola 600 na ya zamani iliyo safi, kisha akatumia pesa iliyobaki kwa mafunzo na mipira ya mazoezi, ndiye atakayepunguza handikapu.

Lakini mtumba unahitaji macho. Uso uangaliwe kwenye mwanga kama hauna ufa. Kichwa kitikiswe: kikilia kama debe lenye kokoto, kuna kitu kimeachia ndani. Uchakavu wa uso wenyewe usimwogopeshe mtu wa kawaida. Mwezi wa tano 2025, kwenye mashindano ya PGA Championship, draiva ya Rory McIlroy ilipimwa na kuonekana imepita kikomo, na Scottie Scheffler, aliyeshinda mashindano hayo, alithibitisha kwamba yake pia ilikataliwa wiki ileile. Hakuna aliyeiba. Uso uliogongwa mara maelfu kwa nguvu nyingi unakuwa mwembamba na laini, na unaanza kurusha kupita sheria. Mchezaji wa wikendi hafiki huko kwa haraka.

Hatari kubwa zaidi ni fimbo za uongo. Bei iliyo ndogo kupita kiasi ni ishara ya kwanza. Namba ya kiwandani kwenye shingo itafutwe, na maandishi yaangaliwe kama yamekaa sawa. Sumaku ndogo inasaidia pia: titani haishikwi na sumaku, kwa hiyo kichwa kinachosemwa ni cha titani huku sumaku ikiganda juu ya uso wake kinadanganya. R&A na USGA wanatangaza orodha ya vichwa vya draiva vilivyokubaliwa, na anayenunua kwa simu anaweza kuitazama kabla ya kutuma pesa.

Kabla ya kununua chochote, kuna jaribio linalogharimu karibu bure. Mchezaji apake poda ya watoto kwenye uso wa draiva aliyonayo, au ya kuazima, na apige mipira 10. Alama zitabaki. Zikiwa zimekusanyika karibu na shingo, labda anasimama karibu mno na mpira. Zikiwa zimetawanyika kila upande, huyo ndiye anayehitaji kichwa kinachosamehe kuliko wote, na mpini mfupi zaidi. Dakika kumi hizo zinamwambia ukweli ambao muuzaji hatamwambia.

Hoja za wanaopinga

Wachezaji wazuri wana pingamizi, nalo lisikilizwe. Wanasema kichwa kinachosamehe kinamzoesha mtu kupiga vibaya, kwa sababu hasikii tena kosa mkononi. Wanasema pia uzito ulio nyuma unaongeza mzunguko, kwa hiyo mita chache zinapotea, na kwamba ni vigumu kupinda mpira kwa makusudi kuzunguka mti.

Mawili ya mwisho ni kweli. Lakini mchezaji wa handikapu 20 hapindi mpira kwa makusudi. Mpira unapinda wenyewe. Na mita chache zina thamani ndogo ukilinganisha na hesabu ya sheria: mpira ukitoka nje ya mpaka, mchezaji anarudi mahali pale pale, anaongeza pigo moja la adhabu, na sasa anapiga la tatu. Kwenye kiwanja cha kawaida kuna nafasi 14 hivi za kutumia draiva. Mipira mitatu ikitoka nje, ni mapigo sita. Mita 10 zaidi kwenye mapigo 11 yaliyobaki zinampa tu ruhusa ya kuchukua fimbo moja fupi zaidi kwa pigo la pili. Hakuna hesabu ya soko inayokubali kubadilishana hivyo.

Hoja ya kusikia kosa mkononi inaonekana ya hekima, lakini inasahau mtu mwenyewe. Anayeanza, akipoteza mipira sita kila mara anapocheza, hasikii mafundisho. Anasikia pesa yake ikienda, kisha anaacha mchezo. Kosa litafundishwa na poda na mwalimu. Fimbo imsaidie kubaki uwanjani.

Wanawake na makedi wasisahauliwe

Watu wawili wanaumizwa zaidi na uchaguzi mbaya, na wote wawili hawachagui. Wa kwanza ni mwanamke anayepewa draiva ya zamani ya bwana yake: digrii 9, mpini S, mzito na mrefu. Anaambiwa mchezo huu unataka nguvu. Si kweli. Akipewa digrii 12 au zaidi, mpini laini na mwepesi, mpira utapanda.

Wa pili ni kedi. Anajifunza kwa fimbo iliyotupwa, mara nyingi ile ya mchezaji mzuri aliyebadilisha, yaani fimbo ngumu kuliko zote. Anayefanikiwa na fimbo ya namna hiyo anasifiwa kuwa na kipaji. Wale kumi walioacha hawahesabiwi.

Hapo viwanja vya gofu vya eneo hili vina kazi ya kufanya, na haihitaji mfadhili. Kila kiwanja kingeweza kuweka draiva mbili au tatu za mtumba zinazosamehe, digrii 10.5 na 12, zenye mipini tofauti, kwa ajili ya kujaribu. Mgeni ajaribu kabla ya kununua. Kedi apige nazo siku ambayo kiwanja kiko wazi kwa wafanyakazi. Bei ya draiva moja mpya inatosha kununua kadhaa za namna hiyo.

Mwakani matangazo yatarudi, na bingwa atapiga tena mpira upotee angani. Mchezaji wa Lubumbashi au wa Goma atazame kwa raha, kama anavyotazama mpira wa miguu. Kisha aende kwenye kiwanja chake, apake poda, ahesabu mipira aliyopoteza mwezi huu, na anunue kwa hesabu hiyo.